Mguu wa mama bado mwekundu: nimrudishe akachomwe sindano?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nakaa Temeke. Mwezi huu tumekwenda idara ya dharura mara tatu, nyumba moja. Kwanza mimi: mkojo ulikuwa unaniunguza, nikapimwa, nikaambiwa UTI, nikapewa nitrofurantoini ya siku 5. Kijana wa famasi akaniambia hiyo ni dawa nyepesi, sipro ndiyo inayomaliza. Wiki iliyofuata mwanangu wa miaka 3 akashikwa na homa, mafua na kikohozi. Daktari akamsikiliza kifua, akamhesabia pumzi, akasema ni virusi, tukarudi na parasetamoli tu. Jana ikawa zamu ya mama yangu, ana miaka 61, hana sukari wala presha. Mguu wa kulia umevimba, una joto, na kwa kuwa yeye ni maji ya kunde wekundu unaonekana wazi. Akapewa vidonge vya flukloksasilini akaambiwa arudi nyumbani. Jirani yetu mwenye mguu kama huo alilazwa siku nne akachomwa seftriaksoni. Leo ni siku ya pili ya dawa na mguu bado mwekundu. Mnachaguaje antibayotiki? Kwa nini sisi tunapewa nyepesi? Ni kwa sababu tunatumia bima? Nimrudishe mama akachomwe sindano?"

Marahaba, dada. Nianze na mguu wa mama, maana najua ndio unaokunyima usingizi. Kama hana homa, anakula, anajiendea chooni mwenyewe na maumivu hayaongezeki, usimrudishe kwa ajili ya sindano. Siku ya pili ni mapema mno kuihukumu dawa. Katika maambukizi ya ngozi, wekundu ndio mgeni wa mwisho kuaga. Homa na maumivu hutangulia kupungua, joto na uvimbe hufuata, wekundu unabaki ukififia kwa siku kadhaa hata baada ya bakteria kufa. Siku ya kwanza na ya pili unaweza hata kusogea kidogo, kwa sababu bakteria wanapopasuka humwaga vitu vinavyouchokoza mwili, na mwili hujibu kwa kuvimba. Sisi tunatazama hali inaelekea wapi kati ya saa 48 na 72.

Ili usibaki kubishana na macho yako, chukua kalamu ya wino, chora mstari kwenye ukingo wa wekundu kuzunguka sehemu yote, na pembeni uandike tarehe na saa. Mimi huwachorea wagonjwa wangu kabla hawajashuka kitandani. Si mara moja ndugu amerudi kesho yake akiapa kwamba mguu umezidi, tukainama pamoja kuutazama mstari, tukakuta wekundu umerudi ndani kwa upana wa kidole. Kwa wenye ngozi nyeusi zaidi ya mama, wekundu haujitokezi: ngozi inakolea weusi au kuwa na zambarau, inakaza na kung'aa. Hapo utatumia mgongo wa kiganja kutafuta joto linapoishia, ndipo uchore.

Lakini yapo mambo yanayobadilisha jibu langu papo hapo. Wekundu ukiuruka mstari kwa kasi, yaani ndani ya saa chache, au maumivu yakiwa makali kupita kiasi kuliko kile unachokiona kwa macho, mpeleke usiku huo huo. Vivyo hivyo ngozi ikitoa malengelenge, ikigeuka nyeusi, ikifa ganzi, au ukiibonyeza ukasikia kama kuna vipovu vinapasuka chini yake. Homa yenye kutetemeka, kupumua haraka, kuchanganyikiwa au kutapika kila kidonge, nenda. Na kama uvimbe uko zaidi kwenye tumbo la mguu, unauma akikanyaga, au ameanza kukosa pumzi, mwambie daktari waziwazi, kwa sababu damu iliyoganda kwenye mshipa huufanya mguu ufanane kabisa na wa maambukizi, na tiba yake ni nyingine.

Sasa tuje kwenye neno lililokuumiza: "nyepesi".

Nalisikia kila siku kazini. "Dokta nipe kali." Tumezoea kuzipanga antibayotiki kama pilipili, chini amoksilini, juu yake sipro, juu kabisa sindano. Ngazi hiyo haipo, dada. Amoksilini kwa bakteria inayemuua inamuua vilevile kama dawa ya bei mara kumi. Kinachotofautiana ni upana wake, yaani aina ngapi za bakteria inazigusa, na mahali mwilini inapofika kwa wingi wa kutosha.

Fikiria ufukweni. Mvuvi wa mshipi mwenye ndoano na chambo sahihi anamtoa changu aliyemtaka. Mwenye kokoro, ule wavu unaoburutwa chini ya bahari, anasomba changu, vifaranga, mayai na nyasi za bahari. Kokoro limekatazwa na serikali ingawa linakamata samaki vizuri sana, kwa sababu baada yake panabaki bahari isiyozaa. Utumbo wako una bakteria kwa matrilioni, wengi wao wakiwa raia wema wanaosaga chakula na kuwazuia wabaya wasipate kiti. Dawa pana ikipita, inawasomba. Wanaobaki ni wale wachache waliokuwa na kinga ya asili dhidi ya dawa hiyo, na sasa uwanja wote ni wao. Wanazaana. Kibaya zaidi, bakteria wana tabia ya kupeana vipande vya vinasaba, hata kati ya aina mbili tofauti, kama majirani wanavyoazimana kinu. Kwa hiyo usugu uliozaliwa kwenye bakteria asiye na madhara unaweza kuhamia kwa yule atakayekuletea UTI mwakani.

Ndiyo maana nikiwa na mgonjwa mbele yangu, sijiulizi ipi ni kali. Najiuliza ugonjwa uko wapi mwilini na ni bakteria gani wenye kawaida ya kukaa hapo. Najiuliza mgonjwa ana hali gani, yaani nikikosea leo nitapata nafasi ya kusahihisha kesho, au hakuna kesho. Kisha namtazama mtu mwenyewe: ana mimba, ana sukari, figo zake zikoje, alimeza nini wiki iliyopita, je, kuna dawa iliyowahi kumtoa vipele. Kipimo cha kuotesha vimelea huchukua siku mbili tatu kutoa jibu, na mgonjwa wa dharura hawezi kukaa kwenye benchi siku tatu. Kwa hiyo dozi ya kwanza karibu kila mara inatolewa kabla ya kumjua adui kwa jina. Tunaongozwa na dalili, na mwongozo wa taifa wa matibabu, ambao toleo lake la 2021 limepanga dawa ya kuanza nayo kwa kila ugonjwa, na uzoefu wa bakteria wa eneo letu.

Chukua UTI yako. Sehemu kubwa ya UTI za kibofu kwa wanawake huletwa na bakteria mmoja, *E. coli*, mkazi wa utumbo ambaye amesafiri safari fupi tu, kwa kuwa mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa kama sentimita 4. Ugonjwa wenyewe uko kwenye mkojo na ukuta wa kibofu. Nitrofurantoini ina tabia ya ajabu inayonifanya niipende: ukiimeza, inaingia kwenye damu na figo zinaichuja haraka kiasi kwamba ndani ya damu inabaki kidogo sana, ila kwenye mkojo inarundikana. Inafika palepale penye vita na kuuacha mwili wote kwa amani. Mkojo ukigeuka njano iliyokolea au kahawia usiogope, ni dawa yenyewe unayoiona. Na ikiwa ndani ya bakteria, inavunjwavunjwa kuwa vipande vinavyoharibu sehemu nyingi kwa mpigo, kwa hiyo ni vigumu kwake kujenga kinga kwa kubadilisha kitu kimoja tu. Dawa hii imeanza kutumika mwaka 1953. Sipro iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Leo hii, baada ya miaka mingi ya watu kununua sipro kama karanga, *E. coli* wengi wameshaizoea, na ile ya zamani bado inawaua wengi wao.

Sipro yenyewe si dawa mbaya. Ina kazi zake, na nyingine ni nzito. Lakini inaweza kuumiza kano, hasa ile ya kisigino, inaweza kuchezea mishipa ya fahamu na sukari ya mwili, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri isitumike kwa UTI nyepesi ikiwa ipo dawa nyingine inayofaa. Kijana wa famasi nadhani alikutakia heri, alirudia tu anachokisikia. Ungemwuliza akupe sababu, angekwambia "inafanya haraka".

Nikuambie na udhaifu wa dawa yako, maana hakuna dawa isiyo nao. Kwa sababu haikai kwenye damu, haitibu figo. Ikitokea homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno upande mmoja chini ya mbavu, au kutapika, maana yake bakteria wamepanda juu na nitrofurantoini haitawafuata huko. Rudi hospitali, hapo kweli utahitaji dawa nyingine, pengine ya sindano. Haimfai mtu mwenye figo zilizochoka sana, wala mjamzito aliye karibu kujifungua, wala mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo kwetu ukanda wa pwani si ngeni, kwa kuwa inaweza kupasua chembe zake nyekundu za damu. Kama una mimba au unahisi unayo, mwambie daktari leo. Na kama pamoja na kuungua kuna uchafu usio wa kawaida ukeni, au mwenzi wako ana dalili, UTI huenda si jibu lote: kuna magonjwa ya zinaa yanayounguza vilevile na dawa yake ni tofauti kabisa. Usione haya kulitaja hilo. Sisi tumelisikia mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Turudi kwa mama. Ngozi inayovimba na kuwa ya moto bila usaha karibu kila mara huwa ni kazi ya bakteria wanaoitwa streptokoka, na wakati mwingine stafilokoka, ambao kawaida yao ni kukaa juu ya ngozi na puani wakingoja mlango. Flukloksasilini imetengenezwa kwa ajili yao hasa. Stafilokoka wengi hutoa kimeng'enya kinachoipasua penisilini ya kawaida, na flukloksasilini ina umbo ambalo kimeng'enya hicho kinashindwa kulikata. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanashangaa nikiwaambia: kwa stafilokoka, seftriaksoni ya sindano ni dhaifu kuliko vidonge vya mama. Ni kokoro lenye matundu mapana kwa samaki yule. Linasomba bakteria wa tumboni ambao hawana hatia yoyote kwenye ule mguu, halafu yule tunayemwinda analipenya kirahisi zaidi.

Kuhusu sindano kwa ujumla, naielewa imani hiyo. Mtu akichomwa anahisi ametibiwa. Lakini dawa ikishaingia kwenye damu haikumbuki ilipitia wapi. Metronidazo ukiimeza, karibu yote inaingia mwilini. Amoksilini sehemu yake kubwa inaingia. Tunachoma sindano pale mtu anapotapika, anapokuwa hajitambui, presha inaposhuka hata tumbo haliwezi kunyonya kitu, au ugonjwa unapokuwa mahali penye kuhitaji dawa nyingi mno, kama utando wa ubongo. Nje ya hapo sindano ina bei yake. Kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, ni tundu lililo wazi kwenye ngozi: nimewaona waliolazwa kwa tatizo dogo wakaondoka na mshipa uliovimba usaha. Siku nne wodini pia ni siku nne za kulala jirani na bakteria wa hospitali, ambao ndio sugu kuliko wote.

Jirani yenu simjui na siwezi kumhukumu daktari wake. Huenda alikuwa na sukari, huenda alifika akitetemeka, huenda ndani ya mguu kulikuwa na usaha. Kwa mguu wenye jipu, dawa ya kwanza ni kupasua na kuutoa usaha, kwa sababu hakuna mshipa wa damu unaopeleka dawa katikati ya usaha. Ila nitakuwa mkweli kwako. Zipo siku seftriaksoni inatolewa kwa mazoea. Inachomwa mara moja kwa siku, inapatikana kila mahali, ndugu wa mgonjwa wanaridhika, na daktari aliyechoka saa tisa usiku analala bila wasiwasi. Kwetu Tanzania inatumika kupita kiasi wodini, na sisi madaktari tunalijua hilo. Malipo yake tunayaona: *E. coli* wanaotoa vimeng'enya vya kuikatakata seftriaksoni wameingia kwenye mikojo ya watu ambao hawajawahi kulazwa.

Bima haihusiki katika hili. Nitrofurantoini, amoksilini, kloksasilini na ndugu yake flukloksasilini ni za bei nafuu kwa sababu ni za zamani na viwanda vingi vinazitengeneza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibayotiki katika makundi matatu: za kuanza nazo, za kutumia kwa uangalifu, na za akiba. Dawa yako na ya mama zipo kundi la kwanza. Sipro, seftriaksoni na azithromaisini zipo la pili. Waziri akiugua UTI ya kibofu, dawa sahihi ya kumpa ni hiyohiyo uliyopewa wewe. Na ukitaka kuona jinsi neno "nyepesi" linavyodanganya, ingia wodi ya watoto wachanga: kichanga wa siku tano mwenye maambukizi ya damu, mgonjwa kuliko wote jengoni, tunamwanzishia ampisilini na jentamaisini, dawa za zama za babu yangu.

Lakini kuna saa ambayo nalitupa kokoro bila kusita, na ni vizuri uijue. Usiku mmoja wa Jumapili aliletwa kwa bajaji baba wa makamo. Alikuwa anapumua mara 34 kwa dakika, presha namba yake ya juu 80 tu, vidole vya baridi, akiwaita watu ambao hawakuwepo. Hiyo tunaiita sepsisi: maambukizi yameufanya mwili ujishambulie wenyewe. Mtu akishafika hatua ya presha kuanguka, miongozo ya dunia inatutaka tumpe antibayotiki ndani ya saa moja. Nikikosea kwa kutoa dawa finyu, hakuna kesho ya kusahihisha. Kwa hiyo tulichota damu ya kuotesha, tukafungua dripu, tukachoma dawa pana, na yote yalikuwa yameisha kabla ya dakika arobaini. Mpango unakuwa kwamba majibu ya kuotesha yakirudi siku ya tatu, unaiweka pembeni ile pana na kumpa ile finyu inayomfaa.

Shemeji yake ndiye aliyenipa habari nyingine. Nilipomwuliza mgonjwa alikuwa akimeza nini, alimwaga mezani bahasha ya khaki. Zikaanguka karatasi nne: sipro imebaki sita, azithromaisini kimoja, amoksilini ya rangi mbili nusu karatasi, na nyingine imefutika jina. Wiki mbili alikuwa akionja, siku mbili hii, siku tatu ile, kila akisikia nafuu anaacha, ikirudi anabadilisha duka. Chupa zetu za kuotesha hazikuota kitu. Dawa zile zilikuwa zimewadhoofisha bakteria kiasi cha kushindwa kuota maabara, lakini si kiasi cha kushindwa kumla. Tukabaki gizani, na dawa pana, kwa siku kumi na nne. Alipona, nashukuru. Ila nikisikia kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa milioni 1.27 duniani, naiona bahasha ile.

Mwanao nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye aliyetibiwa vizuri kuliko wote. Daktari aliyekaa akahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima amekufanyia jambo kubwa. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 tunaanza kuhofia nimonia pumzi zikifika 40 kwa dakika au zaidi akiwa ametulia, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi. Kwa aliye chini ya mwaka, kuanzia miezi 2, ni 50. Akifika huko, amoksilini ndiyo dawa yake. Asipofika, na pua inatiririka, na anacheza homa inaposhuka, mara nyingi sana ni virusi, na hakuna antibayotiki inayomgusa kirusi. Kuna utafiti uliofanyika hapa kwetu, Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014: watoto 1,005 wenye homa walipimwa kwa kina, na kwa zaidi ya watoto 7 kati ya 10 palikuwa na ugonjwa wa virusi. Taifodi haikufika hata watoto 4 kwa kila 100. Linganisha na majibu ambayo watu hupewa vichochoroni kila wakipata homa: "una malaria kidogo, UTI na taifodi". Kipimo cha Widal kikichukuliwa mara moja hakitoshi kumwambia mtu ana taifodi, maana kinaweza kuitikia ugonjwa wa zamani au ugonjwa mwingine kabisa. Na mkojo wenye "wadudu" kwa mtu asiye na dalili yoyote kwa kawaida hauhitaji dawa, isipokuwa kwa mjamzito.

Jambo moja hukuliandika: je, mtoto alipimwa malaria? Kama hakupimwa na homa ipo bado, apimwe leo, kituo chochote cha afya kina kipimo hicho cha haraka. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea usiweze kumwamsha vizuri, au pumzi zikifika 40, usingoje asubuhi. Kwa kikohozi chenyewe, kijiko kidogo cha asali usiku kinamtosha, kwa kuwa ameshavuka mwaka mmoja.

Kuhusu kumaliza dozi, meza siku ulizoandikiwa, wala usiongeze. Zamani tuliandika siku 10 hadi 14 kwa karibu kila kitu. Siku hizi tunajua UTI ya kibofu kwa dawa yako inatosha siku 5, na mguu kama wa mama mara nyingi siku 5 hadi 7 zinatosha kama unaelekea kupona. Vikibaki vidonge kwa sababu yoyote ile, vipeleke famasi, usimwekee mtu. Na mkienda tena idara ya dharura, mwulize daktari mambo haya bila woga: unadhani ugonjwa uko wapi, dawa hii ni ya siku ngapi, na nikiona nini nirudi. Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Daktari mzuri atalijibu kwa maneno yanayoeleweka.

Leo jioni, basi, mfanyie mama haya. Flukloksasilini inataka tumbo tupu: saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Akiimeza na ugali inanyonywa vibaya, na hapo ndipo watu husema dawa imeshindwa. Mguu uwekwe juu ya mito miwili, kisigino kipande juu ya usawa wa moyo, si kuning'inia kwenye kiti, kwa sababu maji yaliyojaa mguuni yanazuia dawa na chembe za kinga zisifike. Kesho asubuhi na kesho kutwa tazama mstari. Kama saa 72 zimepita na hakuna lililopungua, si homa, si maumivu, si joto, mrudishe, na uende na karatasi za dawa mkononi.

Halafu washa tochi ya simu, mtenganishe vidole vya mguu ule kimoja kimoja, hasa kile cha mwisho na kinachokifuata. Ukikuta ngozi nyeupe iliyolowa, imechanika na inanuka kidogo, huo ni ukungu wa vidole, na mara nyingi sana ndio mlango walioingilia bakteria. Nunua krimu ya klotrimazoli, apake asubuhi na jioni baada ya kuosha na kukausha vizuri katikati ya vidole, na aendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Usipoufunga mlango huo, mguu huohuo unaweza kurudi tena.